Dereva wa Gari la Wesonga

Kaloleni, Kisumu

Dada yangu Khadijah,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenipaa tangu Jumapili. Nimeshindwa kukupigia simu kwa sababu Mama angesikia.

Nilikwenda Muhoroni kupiga picha za mbio za magari. Elsie, anayenifundisha kazi ya kamera, alikuwa ameniambia kwamba magari kwenye picha zangu yanaonekana kama yameegeshwa, kwa kuwa shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, inafunga haraka mno. Akanishauri niipunguze kasi, nilifuate gari kwa kuzungusha kiuno chote, nibonyeze bila kusimama. Nikienda nalo sawasawa, gari litatoka wazi na miwa nyuma yake itakuwa michirizi ya kijani. Asubuhi nzima nilipata ukungu mtupu. Mikono ilikataa kutulia. Gari linapita, naharibu, nangoja jingine huku nikitema vumbi.

Ndipo likaja gari la Wesonga, yule rafiki wa Baba mwenye gereji. Nikazunguka nalo kwenye kona kama tumefungwa kamba moja. Picha ikatoka. Nikaikuza kwenye kioo cha kamera nione kama uso wa dereva umetoka wazi. Hakuwa Wesonga. Alikuwa Baba.

Unakumbuka alivyomwapia Mama, mguu ukiwa bado kwenye plasta baada ya ile ajali, kwamba hatashika tena usukani wa mbio. Na asubuhi hiyo alikuwa ametuaga kwamba anakwenda Bondo kutoa pole msibani.

Nilimfuata alikosimamisha gari. Hakukana. Alisema Wesonga ameshikwa na malaria, akamwomba amshikie nafasi. Kisha akatazama chini, akaniambia, "Ikhlas, hata asingeniomba, ningetafuta njia." Nikamwonyesha picha. Akaniuliza kama huwa anacheka hivyo. Nyumbani sijamwona akicheka tangu ile ajali.

Tangu hapo sikai. Nikianza kupika naacha, nikitoka nje narudi. Baba naye anayakwepa macho yangu mbele ya Mama.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Baba anataka kushindana tena mwezi ujao, na hana mtu wa kukaa kando yake amsomee njia. Nilimkataza, akasema sawa, nami nikajua ataenda tu. Kwa hiyo nimemwambia nitakaa mimi, ila kwa sharti kwamba Ijumaa baada ya Maghrib tumweleze Mama kila kitu pamoja. Amekubali, ingawa aliniomba mara mbili tungoje kidogo.

Usidhani namfanyia Baba wema, dada. Gari lile lilipopita mbele yangu, nilitaka kuwa ndani. Nimechoka kusimama kando ya barabara.

Barua hii naituma na basi la leo. Ijumaa usiku mpigie Mama, tafadhali. Atakuwa na maneno mengi, na hatataka kutuambia sisi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu za heshima.

Mdogo wako,
Ikhlas