Vibiskuti vya Ijumaa Kuu

Litembo, Ijumaa Kuu

Kahawa niliyokuja kuiandikia habari imenitoka kichwani. Mwenyeji wangu ni Mama Ketrina, na mama mkwe wake anaumwa. Uji mtupu anautapika, na uji wa maziwa anaukataa: mpaka Pasaka hagusi cha mnyama. Padri alimruhusu anywe maziwa kwa kuwa ni mgonjwa.

"Padri bado kijana," alijibu bibi.

Leo hapa hawawashi moto, kwa heshima ya Ijumaa Kuu. Mama Ketrina alitwanga karanga zilizokaangwa jana, akazichanganya na ndizi mbivu na unga wa mahindi uliokaangwa, akafinyanga vibiskuti, akavianika kwenye ungo.

"Vina maziwa?" aliuliza bibi.

"Havina, mama."

"Siagi? Mayai?"

"Wala moto sijawasha."

Bibi alikula viwili, havikurudi. Mama Ketrina alirudi kwenye kinu, akatwanga karanga nyingine.