Mama Bata Hakwenda Sokoni

Kondele, Kisumu

Mwanangu Nangila,

Nimekuficha jambo tangu ukiwa na miaka sita. Unaikumbuka ile kanda ya katuni ya mabata, niliyokuwa nikikutafsiria kutoka Kiingereza? Nilikuambia mama bata amekwenda sokoni, nawe ukauliza, "Kama mama?" Nikakubali.

Sasa wameitengeneza upya kwa kompyuta, na mabata wenyewe wanasema Kiswahili. Jana nilimwambia mwanao Janice yale yale ya sokoni, akamcheka babu yake: "Kuka, wewe mwongo! Baba bata amemfukuza!"

Nimechanganyikiwa. Baada ya miaka thelathini, sijui tena kama wao wameibadilisha hadithi au ni mimi. Lakini mlango wetu naukumbuka vizuri, na kifua hiki hakinipi muda.

Mama yako hakututoroka. Aliyemfukuza ni mimi,

babako Wechuli.