Tundu la Sauti

Chamazi

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Sie wazima, ila uchovu umenikaa mwilini kama nguo. Mwanangu Zulfa, injinia pekee mtaa huu (nilishakwambia, najua), anamalizia ile kompyuta yake ya bei nafuu ya mashuleni. Kibao kimoja tu, dada, kama kipande cha sabuni! Mafundi wenye ndevu zao wanamwita bosi.

Sasa neno lenyewe. Bei ilizidi, ikabidi achague cha kutoa. Ametoa tundu la sauti, lile la kuchomekea hedifoni. Nikamuuliza, "We mtoto, na Tunu wa dada yangu, mtoto asiyeona, atasomaje?"

"Mama, ningebakisha sauti ningetoa intaneti. Nani alikutuma kuahidi?"

Hakunituma mtu. Mdomo wangu huu ulijisifu kwako kwamba kompyuta ya mwanangu inamsomea mtu, nawe ukawaambia wazazi wote wa watoto wasioona shuleni kwa Tunu.

Jana akanionesha vitobo vitupu alivyoviacha kwenye kibao: tundu laweza kulehemewa hapo kwa mkono, moja moja. Yeye hana nafasi, basi kanifundisha mie. Mkono uliogeuza vitumbua miaka ishirini hauogopi moto. Nimeunguza vibao viwili. Cha tatu kimetoa sauti.

Hicho ni cha Tunu. Wale wenzake niandikie majina yao, usimruke hata mmoja.

Mdogo wako mwenye vidole vyenye malengelenge,
Najma