Kizibo cha Wanja Wako

Dada Mwanaidi, shikamoo. Nakuandikia kutoka boma la Arusha nikiwa mzima, na uzima huu una mkono wako ndani yake.

Unakikumbuka kile kipembe cha wanja ulichonipa Tanga, nilinde macho na vumbi la njiani? Wapagazi walinicheka hadi nikakificha. Kumbe huku Meru adui si vumbi, ni ukungu. Unga wa kwinini unagandamana, na mizani ya daktari wa Kijerumani ninayemsaidia kugawa dawa vijijini inachezeshwa na upepo kama bembea. Ukizidisha dawa, masikio ya mgonjwa yanavuma. Ukipunguza, homa inarudi. Basi nikakiosha kipembe chako kwa maji ya moto, nikatia kwinini. Katika kizibo chake cha mti nikachimba kishimo, nikikipima kwa mizani ndani ya boma kusiko na upepo, hadi kikachukua sawasawa dawa ya mtu mmoja.

Juzi kule kijiji cha Akheri mvua ilitupiga, homa ikanishika mimi mwenyewe. Nilitetemeka hata kijiko sikuweza kukishika. Lazaro, Mmeru anayebeba sanduku la dawa, ndiye aliyenicheka kuliko wote. Alijaza kizibo, akakisawazisha kwa kidole, akasema, "Meza, Bwana Wanja." Kisha mama yake akanilisha loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kama mtoto.

Nawashukuru wao, na wewe zaidi. Tazama mwandiko huu, dada: hautetemeki. Macho yangu hayana wanja tena, lakini yatakuona.

Mdogo wako,
Salimu