Kalenda Yako na Sabato ya Baba

Mpendwa Kirimi,

Sijui barua hii itakufikia kupitia kwa nani. Mwezi uliopita nilipanda hadi Githongo kukuulizia, nikamkuta mke wa ndugu yako akipalilia kahawa. Aliniambia uliuza kipande chako cha shamba zamani, ukavuka kwenda kufundisha Tanzania, na tangu mama yenu azikwe hawajasikia neno lako. Alinipa chai. Hakuniuliza mimi ni nani kwako, na nilimshukuru kwa hilo. Kwa kuwa hata wao hawajui uliko, nakuandikia mbele ya watu wote. Huenda mmoja wao anakujua.

Mimi ni Wawira wa Karurumo. Tulifundisha shule moja miaka ile ya sabini, wewe hesabu za madarasa ya juu, mimi darasa la kwanza. Ulikuja umevaa koti zito la kwenu Imenti, ukatuambia Karurumo kuna joto, tukakucheka kwa sababu sisi tulikuwa tunatetemeka. Jioni, watoto wakishaenda, ulibaki darasani na chaki yako, nami nikabaki kwa kisingizio cha kusahihisha vitabu.

Hapo ndipo uliponionyesha kalenda yako. Ulisema umesoma katika gazeti fulani kuukuu kwamba kuna watu ng'ambo waliowahi kupendekeza mwaka mpya kabisa, wenye miezi kumi na mitatu iliyolingana, kila mwezi wiki nne kamili, kila mwezi ukianza Jumapili. Mataifa yalijadili, yakashindwana, jambo likalala. Wewe ulitaka kuliamsha. Ulichora ubao mzima. Ulikuwa na hasira ya kweli na kalenda hii ya kawaida, Kirimi, kama mtu anayemlalamikia jirani mkorofi.

"Angalia Februari," uliniambia. "Nani aliiamulia iwe fupi? Mkulima anapanga vipi? Mwalimu anapanga vipi? Tulipata uhuru, lakini bado tunahesabu siku za wafalme wa Roma."

Nilikuuliza huo mwezi wa kumi na tatu utauweka wapi. Ukasema katikati, baada ya Juni, na ukaniomba nikuchagulie jina. Nilitazama nje, mlima umefunikwa, hata migomba ya jirani haionekani vizuri, nikasema uitwe Ukungu. Uliliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Sikuwa nimewahi kuombwa na mwanamume nifikirie jambo kubwa namna hiyo, na nadhani ni siku hiyo nilipoanza kukupenda, ingawa nilikuambia baadaye sana.

Unakumbuka tulipoenda Ishiara siku ya soko kutafuta ndengu za shule? Ulimwinamia yule nyanya Mmbeere aliyekuwa anauza, ukamwuliza ana miaka mingapi. Akakujibu kwamba kwao zamani kila mvua ilihesabiwa kuwa mwaka wake, ile ndefu na ile fupi, kila moja ikipandwa na kuvunwa kivyake. "Kwa hivyo, mwanangu, miaka yangu kwa hesabu yako ichukue, uiongeze mingine kama hiyo." Ulifurahi mpaka ukasahau kuchukua chenji. Njia nzima ya kurudi ulikuwa unasema, unaona Wawira, kalenda si mawe, watu ndio huitengeneza.

Nilikubaliana nawe. Ila kulikuwa na kitu kimoja katika mwaka wako kilichonitia baridi. Ukizidisha wiki zako zote, siku moja ya mwaka inabaki. Wewe uliiweka mwishoni, nje ya wiki, bila jina. Si Jumapili, si Jumatatu, si siku yoyote. Ulikuwa unaipenda siku hiyo kuliko zote. Ulisema ingekuwa siku ya nchi nzima kukaa tu na kupumua. Na mimi, binti wa mzee wa kanisa la watu wanaoshika Jumamosi, nilielewa mara moja. Siku hiyo ikipita bila kuhesabiwa, wiki ingekatika. Sabato yetu ingeanza kuteleza.

"Usimwambie Baba hii," nilikuambia.

"Sitamwambia," ukasema. "Kwani nakuja kwenu kuoa au kufundisha?"

Tulikuwa tumeshapanga mengi. Wewe ungeenda kanisani kwenu Jumapili, mimi Jumamosi, na watoto wangepumzika siku zote mbili, wenye bahati yao. Hata siku ya wazee wako kuja kuniposa ilitushinda kwanza. Jumamosi kwetu haiwezekani, Jumapili kwenu haiwezekani. Mwishowe tukakubaliana Jumatano ya likizo, na Mama akasema labda Mungu aliumba Jumatano kwa ajili ya watu kama sisi.

Walikuja vizuri. Baba yako mdogo na wazee wengine wawili, na mtungi wa asali. Waliongea Kimeru chao, sisi Kiembu chetu, na Kiswahili kikaziba mahali palipobaki. Baba alicheka. Nilikuwa jikoni na Mama, nikimsikia anacheka, na Mama akanifinya mkono. Tulijua Baba hacheki ovyo.

Halafu baba yako mdogo akataka kukusifu. Hakuwa na nia mbaya, sijawahi kumlaumu. Alisema, "Huyu kijana wetu si mwalimu wa hivi hivi. Ametengeneza kalenda mpya ya Kenya. Anataka kuipeleka Nairobi."

Baba alipenda watu wenye akili. Akasema, "Hebu nieleze, mwalimu."

Nilitoka jikoni na birika la chai, nikasimama mlangoni. Ulinitazama. Ungeweza kueleza nusu ukaacha nusu, lakini hukuwa mtu wa nusu. Ulieleza yote, polepole, kwa heshima, kama unavyomweleza mwanafunzi unayempenda. Ulipofika kwenye ile siku isiyo na jina, Baba aliweka kikombe chini.

"Baada ya hiyo siku," alisema, "Sabato inaangukia wapi?"

"Jumamosi, Mzee. Jumamosi ya kalenda mpya."

"Siulizi ya kalenda. Nauliza siku ya saba, ile ambayo haijawahi kukatika."

"Hiyo, mwaka wa pili itakuwa inaitwa Ijumaa. Mwaka wa tatu, Alhamisi."

"Na shule zitakuwa wazi hiyo Alhamisi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kazi za serikali?"

"Ndiyo."

Watu wa kwenu hawakujua, nawe ulijua kidogo tu kwa kusikia kwangu. Baba alikuwa karani wa kupima kahawa kabla sijazaliwa. Msimu ukawa mkubwa, wakataka apime Jumamosi, akakataa, wakamfukuza. Mama alinizaa mwaka huo, na walikula viazi vitamu asubuhi na jioni mpaka mvua iliyofuata. Kwa Baba, Jumamosi haikuwa jina kwenye karatasi. Ni kitu alichokuwa amekilipia.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, "Sema tu kwamba huo ni mchezo wa hesabu, mwanangu, tuendelee kula."

Chumba kizima kilikungoja. Baba yako mdogo alikuwa anakukanyaga mguu chini ya meza, niliona. Nami niliomba moyoni useme. Maneno machache tu, mimi ningejua si kweli, wewe ungejua, na maisha yetu yangeendelea.

"Mzee," ulisema, "siwezi kukuambia ni mchezo. Naamini ingesaidia watu. Lakini sitaki kukunyang'anya siku yako. Labda kuna njia, sijaiona bado."

"Unachoamini ndicho utakachofundisha wajukuu wangu," Baba akasema.

Mama aliwaandalia chakula, nao wakala kidogo kwa adabu. Walipoondoka, Baba aliwarudishia asali. Kila mtu pale alijua maana yake, kwamba posa imekataliwa. Baba yako mdogo aliubeba mtungi mikononi kama amebeba mtoto mgonjwa, akashuka nao mpaka barabarani.

Likizo ilipoisha ulinisubiri nje ya shule. Ulitaka twende kwa D.C., mkuu wa wilaya, tufunge ndoa, basi. Mimi nilitaka urudi kwa Baba ukamwombe radhi. Ukasema huwezi kuomba radhi kwa kuhesabu. Nikasema siwezi kuolewa huku Mama analia. Tulikuwa vijana, kila mmoja alidhani mwenzake atachoka kwanza. Muhula uliofuata ulipata uhamisho. Nilisikia uko upande wa Ishiara, baadaye nikasikia Meru mjini, kisha nikaacha kuuliza.

Niliolewa na mtu wa kanisa letu. Alikuwa mtu mwema, Kirimi, sitaki ufikirie vingine. Tulilea watoto watatu, nikamzika, nikamlilia kwa haki. Lakini kila Desemba ikiisha, watu wakitundika kalenda mpya ukutani, nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nje ya nyumba.

Sasa nikuambie kilichonifanya nipande Githongo.

Mama alitangulia. Baba akabaki nami, akazeeka sana, na akili ikaanza kumponyoka. Majina yalienda kwanza, halafu siku. Asubuhi moja ya Jumanne nilimkuta amevaa suti, ameshika Biblia, ameketi kitandani. "Tutachelewa kanisani," akasema. Nilimwambia, "Baba, leo ni Jumanne." Alinitazama kwa hofu ambayo sijawahi kuiona usoni pake, akaniuliza, "Nimeikosa?"

Nilimwambia hajaikosa. Lakini hofu hiyo ilirudi tena Alhamisi, ikarudi Jumatatu, na kila nilipomsahihisha alilia kama mtu aliyeibiwa. Mchungaji alinishauri nimkumbushe kwa upole. Nilijaribu. Mwishowe nilichoka kumuumiza. Alipouliza, "Leo ni Sabato?" nikaanza kumjibu, "Ndiyo, Baba, ni Sabato." Naweka jembe chini, nanawa mikono, naketi naye. Tunaimba, anasoma mstari anaoujua kwa moyo, tunaomba. Yeye aliyekataa siku yake isogee hata kidogo, sasa ilikuwa inamjia popote, na kila ilipomjia alikuwa na amani.

Nilikuwa nakufikiria nyakati hizo. Sikukufikiria kwa hasira wala kwa kusema nani alikuwa sahihi. Nilikuwa natamani tu ungekuwa kwenye kiti cha pili, ukituona.

Jumatano moja, wiki chache kabla hajafa, aliomba maombi marefu. Alimwombea Mama kana kwamba yuko jikoni. Aliwaombea watoto wangu, akachanganya majina. Halafu akasema, waziwazi, kwa Kiembu, "Na yule kijana wa Githongo niliyemnyima binti yangu. Alinijibu ukweli nyumbani kwangu, nami nikamfukuza. Mtunze, Bwana, popote alipo."

Hakuwa amekutaja miaka yote hiyo. Alipomaliza alifungua macho, akaniuliza kama kuna chai.

Nilifikiri unastahili kujua. Nilikuwa nimeketi pale karibu naye, peke yangu, na nilisema Amina.

Ni mimi, aliyekuwa mchumba wako,
Wawira