Abiria Aliyetundika Begi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, mwezi wa kumi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote, na kwanza nieleze afya yako. Je, kifua kimetulia? Ulipoandika ulisema vumbi la saruji linakukera, kisha ukarukia haraka habari za nguzo za daraja, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajachungulia ndani. Nakuomba ulijibu swali hilo kabla ya mengine yote. Sisi hatujambo, na kwa neno hilo namaanisha kwamba humu ndani hakuna anayeumwa wala anayeficha kuwa anaumwa. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Mbele ya wageni bado anakuita Mhandisi, wakishaondoka anakuita "yule mtoto asiyependa kuvaa sweta."

Barua yako imefika na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema umepewa nyumba karibu na kazini, kwamba ipo shule jirani, na kwamba muhula ukiisha utakuja kumchukua binti yako. Hukuniuliza, umeniarifu. Ni haki yako, kwani baba ni wewe. Hata hivyo, nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujakata tiketi.

Niruhusu nianze na neno moja. Kazi ya kuhariri kamusi imeniharibu: siwezi kujadili jambo kabla sijaliwekea mipaka. Neno lenyewe ni "mwenyeji". Wengi hudhani mwenyeji ni mtu aliyekaa mahali kwa muda mrefu. Sivyo, mtu anaweza kukaa chumba kimoja miaka mingi akabaki mpangaji tu. Wala si yule anayezijua njia zote, maana msambaza barua anazijua kutuzidi sisi. Mimi nasema mwenyeji ni mtu ambaye, asipokuwepo, pengo lake huonekana. Ishike maana hiyo, nitairudia.

Alipokuja kwetu baada ya msiba wa wifi, binti yako hakuwa mwenyeji wa popote. Nilimpa kabati zima, lakini nguo zake alizitoa sandukuni asubuhi na kuzirudisha humo humo zikishafuliwa. Shuleni aliketi na begi mapajani, somo baada ya somo, amelikumbatia kwa mikono yote miwili. Mwalimu wake wa jiografia, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliniita akaniuliza kama mna kitu cha thamani ndani yake. Hamkuwa na kitu ila madaftari. Wanafunzi wenzake hawakuuliza, walimpa jina. Wakamwita Abiria. Mtoto wa kinyozi wa mtaa wetu, ambaye kwa ubishi wake hujulikana kama Wakili, ndiye aliyekuwa akipaza sauti kila kengele ilipolia: "Abiria, kituo chako hicho! Shuka!" Darasa likaangua kicheko, na yeye kweli akashuka, wa kwanza kutoka mlangoni.

Usimchukie huyo Wakili. Utamhitaji mbele.

Mwalimu huyo huyo wa jiografia anaongoza chama cha mdahalo, na chama chake kina utaratibu ambao sijauona kwingine. Msemaji haruhusiwi kumjibu mpinzani kabla hajamgeukia na kuieleza hoja ya mpinzani huyo kwa maneno yake mwenyewe. Mpinzani akiridhika husema "Ndivyo." Asiporidhika husema "Bado," na msemaji huanza upya. Mpaka "Ndivyo" ipatikane, hakuna kujibu. Wageni hudhani ni adabu. Mimi naona ni mtihani mgumu kuliko wote wanaofanya pale shuleni.

Siku moja mvua kubwa ilimzuia binti yako kuondoka, akajibanza nyuma ya chumba cha jiografia, begi mapajani, huku chama kikibishana kama darasa lifagiliwe na wanafunzi kwa zamu au aajiriwe mfagiaji. Wakili alimgeukia mpinzani wake akasema, "Mwenzangu anadai kufagia kunafundisha kazi. Ndivyo?" Yule msichana, amechoka na anataka kwenda nyumbani, akajibu, "Ndivyo." Hapo sauti ikatoka nyuma:

"Bado."

Wote wakageuka. Mwalimu aliniambia kwamba hata yeye alidhani amesikia vibaya.

"Nani kasema?"

"Abiria! Kumbe anaongea!"

"Haya, Abiria, bado nini?"

Akajibu akiwa ameinamia begi, "Hakusema kufagia kunafundisha kazi. Alisema anayejua kwamba kesho atafagia yeye, leo hatupi taka."

Yule msichana akaruka kitini. "Haa! Ndivyo hasa! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau!"

Na Wakili, ambaye kushindwa hakumpi usingizi, akamgeukia akasema, "Ala! Kwa hiyo safari yote hii umekuwa ukisikiliza?"

Ndiyo, alikuwa akisikiliza. Nimelitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu nami nilimwona mtoto mwenye haya na nikaishia hapo. Mtoto anayehamishwa shule mara kwa mara kufuata madaraja ya baba yake hujifunza kusikiliza kama wewe unavyojifunza kupima udongo: asipojua mapema nani anasema nini na kwa nini, atatumbukia. Wenzake walikuwa wakijifunza kusema. Yeye alikuwa na ile nusu nyingine ya kazi, na hakujua kwamba kuna mahali inahitajika.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haina amani, na nakuhakikishia kwamba nalalamika kwa furaha. Juzi Mama alionja chai akakunja uso. Binti yako akamgeukia kwa heshima zote: "Bibi, unachosema ni kwamba chai haina sukari, kwamba aliyeipika ni mimi, na kwamba nimefanya makusudi kwa sababu ya daktari. Ndivyo?" Mama akabamiza kikombe: "Ndivyo!" Mtoto akasema, "Basi sasa naruhusiwa kujibu," akaendelea kunywa chai yake. Mama alicheka hadi goti likauma. Mimi mwenyewe, nikianza kuhutubia kuhusu taa zilizoachwa zikiwaka, hurudishiwa hotuba yangu ikiwa fupi na bora zaidi, na sina la kusahihisha.

Kisha akapata homa, si kali, akabaki nyumbani siku ya mdahalo. Jioni nikasikia hodi. Mlangoni alisimama Wakili na kundi la wenzake, sare zimechafuka kama kawaida.

"Shikamoo, Shangazi. Abiria yupo?"

"Marahaba. Yupo, ila ana homa."

"Tumekwama. Kila mtu anasema 'Ndivyo' ovyo ovyo, hakuna wa kusema 'Bado'."

Mama akafoka kutoka ndani, "Mgonjwa habishani! Nendeni zenu!"

"Bibi, hatukuja kubishana naye. Tumekuja kujua atarudi lini."

Niliufunga mlango nikasimama pale pale. Nilikuwa nimeuona, kwa macho yangu, mfano kamili wa ile maana niliyokupa juu. Hakuwepo, na pengo lake likaonekana, likawatoa watoto wa watu shuleni hadi mlangoni kwetu. Jina bado ni lile lile, Abiria, lakini sasa wanaliita kama watu wanaomwekea mtu nafasi. Alipopona, mwalimu alinieleza kwamba aliingia chumba cha jiografia, akalitundika begi kwenye msumari ulio kando ya ramani, na akaketi mikono mitupu. Jumamosi iliyofuata nilikuta nguo zake zote kabatini.

Wiki ile ile barua yako ikafika. Nilimsomea sehemu inayomhusu, kwa sababu sioni uhalali wa watu wazima kumjadili mtoto mgongoni kwake. Aliitikia "Sawa" na kuomba ruhusa ya kwenda kuosha vyombo. Kesho yake mwalimu akaniletea ujumbe mfupi: begi limerudi mapajani.

Sasa nifikie Ijumaa iliyopita. Ulikuwa mdahalo mkubwa wa muhula, wazazi tumealikwa kwenye kile chumba cha jiografia, nami nilikaa kwenye benchi la watoto, magoti karibu na kidevu, ubavuni pa kinyozi. Mada ilikuwa imechaguliwa zamani na mwalimu, ambaye hakujua lolote kuhusu barua yako: "Mtoto aishi na mzazi wake popote kazi ya mzazi inapompeleka." Pande hugawanywa kwa kura. Wakili alipata kupinga. Binti yako alipata kutetea. Kwa maneno mengine, mdogo wangu, alipewa kukusemea wewe.

Wakili alisema vizuri. Alisema mtoto si sanduku, kwamba kila ukimng'oa unaacha kipande, na kwamba marafiki hawapakiwi kwenye gari. Kisha ikawa zamu ya binti yako kuieleza hoja hiyo kabla ya kuijibu. Aliieleza polepole, begi limening'inia begani. Aliongeza hata yale ambayo Wakili hakuyafikiria: kwamba mgeni hucheka baada ya wengine, kwa kuwa kwanza lazima aelewe kichekesho, na kwamba hujifunza kutompenda mtu sana karibu na mwisho wa muhula. Alipouliza "Ndivyo?", Wakili akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo. Na zaidi."

Ndipo akaanza kujibu, na nakuandikia alivyosema bila kupamba. Alisema: "Baba yangu hujenga madaraja. Akimaliza moja, watu wa ng'ambo mbili wanaonana, na yeye anahamishwa. Mtoto akiuliza, huko niendako nitakuwa na rafiki gani, aulize pia, huko baba yangu ana rafiki gani. Mimi nikihama nahama na kitu kimoja kinachonijua, yaani baba. Yeye akihama bila mimi hana hata hicho."

Kinyozi alinipa leso yake. Ilinuka pomedi, nikaitumia.

Mikono ilipohesabiwa, upande wake ulishinda. Wakili akamwambia, "Abiria, umenichapa kwa hoja yangu, halafu ukanichapa kwa yako. Huo ni uonevu." Tukatoka. Tulipokaribia kiwanda akasema:

"Shangazi, nimeshinda."

"Hongera, mwanangu."

"Nimeshinda upande nisioutaka."

"Kwa hiyo hukuyaamini uliyosema?"

"Niliyaamini yote. Hiyo ndiyo shida."

Kisha akanishika mkono, jambo asilolifanya tangu aone amekua, akaniomba nisikuandikie kwamba amekataa kuja. Kwa hiyo naliandika waziwazi: hajakataa. Nami simsemei yeye katika barua hii, najisemea mwenyewe.

Tulipofika mlangoni akajipapasa bega. "Begi!" Alilitundika wakati wa kupeana mikono, kwenye ule msumari, akalisahau. Nilidhani atataka turudi mbio. Badala yake akasema, "Acha tu. Lipo mahali pake. Nitalikuta Jumatatu," akaingia ndani kumsimulia bibi yake.

Sasa nafuata utaratibu wa chama chao. Kabla sijakujibu, acha nieleze hoja yako. Unasema kwamba mtoto aliyempoteza mama hapaswi kumkosa na baba pia. Unasema kwamba ulimleta kwetu kwa sababu ulikuwa kwenye kambi ya mahema, si kwa sababu ulitaka, na kwamba kila mwezi uliopita umeuona kama deni kwake. Unasema kwamba atakua mara moja tu, na hutaki kukua kwake ukusimuliwe na dada yako kwa barua, hata dada anayeandika vizuri. Na unasema, ingawa hili hukuliandika, kwamba umechoka kula peke yako.

Jibu langu ni fupi. Mwache amalize mwaka huu wa shule hapa, nawe uje kila kazi inaposimama. Chumba chako kipo na Mama ameshakufumia sweta. Mwaka ukiisha tukae naye mezani, watatu, aseme mwenyewe. Amejifunza kusema, itakuwa ajabu tumnyamazishe sisi.

Lakini uaminifu wa kazi yangu unanilazimisha kukiri kwamba maana yangu ya "mwenyeji" inanigeuka. Ikiwa mwenyeji ni yule ambaye pengo lake huonekana asipokuwepo, basi mtoto huyu amekuwa mwenyeji wa meza yako siku zote hizi, kabla hata hajaiona. Maana yangu inathibitisha kwamba ana kwao hapa. Haithibitishi kwamba hana kwao huko. Nimeigeuza kila upande na haitaki kunitetea peke yangu.

Mama anakusalimu na kukuonya kuhusu kifua. Kinyozi anakusalimu, anasema nywele utakazokuja nazo ndizo zitakazomweleza ulivyoishi. Mwalimu wa jiografia anauliza kama siku moja utakuja kuwaonyesha watoto mchoro wa daraja. Wakili anamsalimu "Baba Abiria" na anaomba radhi kwa jina. Mungu akulinde juu ya nguzo zako na akurudishe kwetu salama.

Mimi ni dada yako, ninayekupenda hasa ninapokupinga. Tiketi bado hujakata, natumaini. Kwa hiyo nijibu kwanza haya. Hoja yako nimeieleza: ndivyo, au bado? Na mtu ambaye pengo lake linaonekana mahali pawili kwa wakati mmoja, anapaswa kutundika begi lake wapi?