Mbao Chini ya Dirisha la Silibwet

Chebet, rafiki yangu,

Nilitaka kuanza kwa upole, lakini nimeshindwa. Nina hasira. Nina hasira na yule mwenye nyumba ya wageni pale Silibwet, nina hasira na mimi mwenyewe, na wewe pia, usidhani nimekuacha nje. Mbona ulinisikiza?

Miaka minne tumeosha madirisha ya watu kuanzia Kericho mjini hadi Bomet, na miaka minne umepiga simu ile ile kabla hatujatoka nyumbani: "Tafadhali toeni vitu mbele ya madirisha." Watu wanajibu sawa. Tukifika, kabati limesukumwa kwenye dirisha, mbwa mkali amefungwa chini yake, mwenye nyumba anatuuliza mbona tunachelewa kuanza. Unakumbuka yule mama aliyepanda miiba ukutani kwake kote halafu akashangaa tukiomba njia? Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Uliniambia, "Nyar Nam, utazeeka haraka." Binti wa ziwa. Hakuna mwingine anayeniita hivyo sasa.

Silibwet ulipiga simu mara mbili. Yule mzee akasema atatoa. Tukafika tukakuta ukuta wa nyuma umejaa mbao za ujenzi, zimepangwa mpaka kiunoni, na gari lake limeegeshwa mahali pekee palipobaki ambapo ngazi ingeweza kusimama. Ukamwomba kwa heshima, ukamwita Mzee, ukamwambia asogeze gari tu, mbao tutaziacha. Akasema, "Funguo iko na bibi yangu, na yeye ameenda Kericho. Wengine huosha hapa bila maneno mengi."

Ukanigeukia. Ulikuwa unangoja niseme turudi nyumbani, najua. Mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya majani chai, na mimi nikasema, "Tumalize tuende, mvua inakuja."

Mimi ndiye niliyesema.

Ukaweka ngazi juu ya mbao. Niliishika kwa mikono miwili, Chebet, niliishika kwa nguvu zangu zote. Lakini mbao za chini zilikuwa na unyevu, zikateleza, na ngazi ikaondoka nazo. Ukaangukia mfereji wa saruji. Nikapiga kelele aitwe mtu mwenye gari.

Mzee akakimbia. Akatia mkono mfukoni mwa suruali yake akatoa ufunguo.

Akafungua mlango, akawasha gari, tukakubeba. Njia nzima kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu na mimi nilikuwa naangalia ule ufunguo ukining'inia hapo mbele. Hukufika hospitali. Sijui kama ulimwona akiutoa. Naomba Mungu hukumwona.

Kwenye mazishi yako, kwenu Chepseon, yule mzee alikuja na suti, akapewa nafasi ya kusema. Akasema, "Alikuwa msichana wa bidii, lakini alikuwa na haraka." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama yako pia akatikisa kichwa! Na mimi nilikaa pale, nikanyamaza. Nilijiambia mimi ni mgeni, wazazi wangu walitoka ziwani wakaja kuchuma chai, nani atanisikiza mbele ya watu wa kwenu? Uongo. Niliogopa kwamba nikisema la ufunguo, itabidi niseme pia nililotamka mimi.

Majuzi mzee akanipigia. Alisema, "Mlibakisha madirisha manne nyuma." Hata pole hakusema. Nilikata simu. Kesho yake sikuchukua ngazi wala ndoo. Nilienda Chepseon.

Mama yako alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, ufunguo na mbao na maneno yangu. Mikono yake ikasimama.

"Wewe ndiye ulimwambia apande?"

"Ndiyo, Mama."

Hakunifukuza wala hakunigusa. Alimaliza gunzi lile, akachukua lingine, akalimaliza. Kisha akaingia ndani akatoka na leso kichwani. "Nipeleke."

Mbao zilikuwa pale pale, Chebet. Na gari. Hakuwa amesogeza hata kipande kimoja! Mama akasimama mbele ya mzee, unajua alivyo mdogo, akiwa na gambuti zake za mpira za shambani.

"Toa hizi mbao."

Mzee akaanza maneno ya fundi ambaye hajaja. Mama akakaa juu ya jiwe. "Nitangoja."

Wageni wakatoka vyumbani, majirani wakaja kwenye ua. Mzee akavua koti akaanza kubeba. Kijana mmoja alitaka kumsaidia, Mama akamwambia, "Acha. Zake." Alibeba mpaka shati likashikana na mgongo, mpaka mfereji ukaonekana wote. Mama akauangalia kwa muda mrefu. Kisha akamwambia, "Sasa sema tena vile ulisema Chepseon."

Mzee akainamisha kichwa. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini lakini watu wote walisikia, "Funguo ilikuwa na mimi. Sikutaka tu kusumbuliwa."

Nilidhani nitapata nafuu nikisikia hivyo. Sikupata. Ulikufa kwa sababu mtu hakutaka kusumbuliwa, na mimi sikutaka kunyeshewa. Ningeyafanyia nini maneno hayo? Madirisha yake sikuosha. Yakae na vumbi.

Bado nafanya kazi yetu. Nikikuta njia imezibwa, nakaa chini mpaka ifunguliwe, au naondoka. Wateja wengine wanasema nina kiburi tangu ufe. Waseme.

Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Siku hiyo ikija nitaijua mwenyewe, na nikianza kusamehe sijui nianze na nani kati yetu watatu. Mama bado hajaniambia neno juu ya kosa langu. Lakini jana alipiga simu akasema viazi vimekomaa na hana mtu wa kushika jembe la pili.

Nitaenda Jumamosi hii, na nitaendelea kwenda, awe ananisemesha au hanisemeshi. Hilo nakuahidi. Lala salama, Chebet wangu. Usingoje hasira iniishe ndipo upumzike.

Wako,
Atieno